Ramani ya Milima ya Mwambao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekunjua ramani yenye bahari upande mmoja na milima upande wa pili, akabaki anaikodolea macho asijue aanzie wapi. Majibu yote yanaegemea jambo moja: katika nchi ya namna hii, mistari ya mwinuko, yaani kontua, husomwa kabla ya majina ya vijiji, kwa kuwa ndiyo iliyoamua vijiji viwe wapi.

Ramani ya topografia ina tofauti gani na ramani ya kawaida?

Ramani ya barabara inakueleza utakavyofika mahali fulani. Ramani ya topografia inakueleza ardhi yenyewe imekaaje: wapi inapanda, wapi inatelemka, maji yanapita wapi, msitu unaishia wapi, nyumba zimejipanga vipi. Barabara zimo pia, ila hapa ni wageni tu.

Nikishaikunjua, nitazame nini kwanza?

Pembeni, si katikati. Tafuta vitu vitatu: skeli (umbali wa kwenye ramani ukilinganishwa na wa ardhini; 1:50,000 maana yake sentimita moja ni mita 500), tofauti ya mwinuko kati ya mstari mmoja na mwingine, na mwaka ambao data zilikusanywa. Mwaka wa kuchapwa ni jambo jingine. Karatasi iliyochapwa juzi inaweza kuwa imebeba picha za ndege za miaka mingi nyuma.

Tofauti ya mwinuko ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaponza. Ramani nyingi za 1:50,000 hutumia mita 20, lakini nchi na nchi zina desturi zake, na ramani za Marekani za 1:24,000 bado hutumia futi. Anayedhani mistari ni ya mita 10 kumbe ni ya mita 20 atafika mlimani akute mlima ni mara mbili ya ule aliojiandalia.

Mistari ya kontua inasomwaje?

Kila mstari unaunganisha sehemu zote zenye mwinuko mmoja kutoka usawa wa bahari. Ukiweza kuufuata mstari huo kwa miguu, hutapanda wala hutashuka. Utazunguka mlima mpaka urudi ulikoanzia. Kwa kawaida kila mstari wa tano huwa mnene na huandikwa namba yake. Ramani nyingi huziandika namba hizo vichwa vyake vikielekea juu ya mlima, kwa hiyo hata ukiona namba moja tu unajua upande upi unapanda.

Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Mpaka hapo kila mtu anajua. Kinachofaa ni kujua ibanane kiasi gani. Tuseme skeli ni 1:50,000 na mistari ni ya mita 20. Ukiona nafasi ya milimita moja kati ya mistari miwili, ujue ardhini ni mita 50 za kwenda mbele na mita 20 za kupanda, sawa na nyuzi 22 hivi. Unapandika, lakini utahema. Nafasi ikiwa nusu milimita, ni mita 25 mbele kwa mita 20 juu, karibu nyuzi 39. Hapo mikono nayo inaanza kufanya kazi ya miguu. Mistari ikigusana kabisa, lile ni genge, yaani ukuta wa mwamba, na mchoraji makini ataweka alama ya mwamba.

Kisha kuna umbo la V. Mstari unapovuka mto hupinda, na ncha ya V huelekea mto unakotoka, yaani juu. Ncha ikielekea chini, huo si mto bali ni mgongo wa mlima. Kwenye ramani ya mwambao mazoezi haya ni rahisi kuliko popote, maana bahari ipo palepale kukukumbusha chini ni wapi. Anza ufukweni kwenye mdomo wa mto, upandishe kidole dhidi ya mkondo, na uone V zinavyojipanga moja juu ya nyingine mpaka zinapotoweka karibu na kilele.

Nani alianza kuchora mistari hii?

Ilianzia majini kabla ya kupanda nchi kavu. Mpima ardhi wa Uholanzi, Pieter Bruinsz, alichora mstari wa kina kinacholingana kwenye mto Spaarne mwaka 1584. Milimani sifa kubwa huenda kwa mwanahisabati Mwingereza Charles Hutton. Mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alikwenda mlima Schiehallion, Uskoti, kutafuta uzito wa dunia kwa kupima jinsi mlima unavyoivuta timazi. Hutton alikabidhiwa hesabu: karatasi iliyojaa namba za miinuko zilizotapakaa kila upande. Akaona kwamba akiunganisha kwa penseli namba zinazolingana, umbo la mlima linajitokeza lenyewe. Nia ilikuwa kupima dunia. Wapanda milima na wahandisi wa barabara walifaidika bila kukusudiwa.

"Usawa wa bahari" ni upi, na bahari yenyewe inajaa na kupwa?

Ni wastani. Maji hupimwa sehemu moja kwa miaka, kisha wastani huo huitwa sifuri. Miinuko ya Uingereza bara inahesabiwa kutoka vipimo vya Newlyn, Cornwall, vya mwaka 1915 hadi 1921. Ya Ufaransa bara inahesabiwa kutoka Marseille.

Kwa mtu wa mwambao jambo hili lina uzito wake. Mstari wa pwani uliochorwa kwenye ramani ya nchi kavu mara nyingi ni mahali maji yanapofika yakijaa, si ile sifuri. Ramani ya mabaharia nayo ina sifuri yake, iliyo chini zaidi, karibu na maji yanapokupwa sana, ili nahodha asije akahesabu kina ambacho hakipo. Kwa hiyo usichukue mwinuko kutoka ramani moja na kina kutoka nyingine ukavijumlisha kama vitu vya familia moja. Na njia inayopita chini ya genge, kando ya maji, ramani ya topografia haitakuambia kama wakati wa bamvua inapitika. Hilo liangalie kwenye jedwali la maji, au uulize wavuvi.

Ramani inasema kilomita tatu. Mbona nimetembea saa mbili?

Kwa sababu ramani imelazwa mezani na mlima haukulazwa. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni yake mwaka 1892, na ikigeuzwa kwa vipimo vya leo inakuwa takriban hivi: saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda.

Tuifanyie kazi. Kijiji cha chini kiko ufukweni, cha juu kiko sentimita sita mbali nacho kwenye ramani ya 1:50,000. Hizo ni kilomita tatu. Hesabu mistari: 30, kila mmoja mita 20, jumla mita 600. Kwa mstari ulionyooka ni dakika 36 za mwendo na saa moja ya kupanda. Lakini hakuna njia inayopanda mlima kama uzi uliovutwa. Inazungukazunguka, na zile kilomita tatu zinakuwa tano. Sasa ni saa mbili kamili, na hujapumzika wala hujabeba kitu.

Kuna mtego mwingine. Vitongoji viwili vinaweza kuwa kwenye mstari uleule wa mita 400, kilomita moja tu kati yao, ukaona ni majirani. Tazama katikati: kama kuna korongo linaloshuka hadi mita 100, mtu anayetoka kimoja kwenda kingine anashuka mita 300 kisha anapanda mita 300. Kanuni ya Naismith inahesabu kila kupanda, hata kama mwishowe uko palepale ulipokuwa.

Je, watu wa maeneo hayo wanaishije na makorongo kama hayo?

Kisiwa cha La Gomera, katika Visiwa vya Canary, kinalijibu swali hili vizuri. Kilele chake, Garajonay, kina mita 1,487, na kutoka katikati makorongo yameteremka kila upande mpaka baharini. Kwenye ramani kisiwa kinaonekana kama gurudumu lenye spoki nyingi. Wenyeji wakawa wanazungumza kwa miluzi, Silbo Gomero, inayobeba maneno ya Kihispania kutoka ng'ambo moja ya korongo hadi nyingine, kilomita kadhaa, bila mtu kuinua mguu. Tangu 1999 ni somo la lazima shuleni, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukiwa na ramani ya La Gomera mkononi huhitaji mtu akueleze kwa nini miluzi ilihitajika. Mistari iliyobanana inakueleza.

Kwa nini vijiji vimekusanyika pale vilipo na si kwingine?

Fuata mistari mpaka pale inapoachana. Kwenye mwambao wa milima hakuna sehemu nyingi za namna hiyo. Ya kwanza ni mdomo wa mto, ambako mchanga na udongo uliosombwa toka juu umetandaza kiwanja kidogo: kuna maji matamu, pa kulima na pa kuvuta mashua. Ya pili ni bega la mlima, yaani tambarare nyembamba iliyokaa juu ya genge na chini ya mteremko mkali. Ukiona nyumba zimejipanga mstari mmoja kwa mwinuko uleule, basi ziko begani. Ya tatu ni pale safu inapobonyea kati ya vilele viwili, maana njia zote za kuvukia upande wa pili zinapita hapo, na penye njia hakukosekani mtu wa kuuza kitu.

Ya nne si ya asili. Watu wameijenga kwa mawe: matuta. Bahati mbaya, tuta la mita mbili halionekani kwenye ramani yenye mistari ya mita 20. Linapotea kabisa, na mlima uliolimwa kwa karne nyingi unachorwa kama mlima mtupu. Dalili pekee huwa ni njia nyingi ndogo zinazokwenda sambamba na kontua, pamoja na nyumba mahali ambapo mistari inakuambia pasingepaswa kuwa na nyumba.

Mipaka ya jamii inafuata nini?

Mara nyingi mgongo wa mlima, kwa sababu maji yanagawanyika hapo. Hawaii walilifikisha jambo hili mbali kuliko wengi. Ardhi iligawanywa katika ahupuaʻa, vipande vinavyoanzia juu milimani na kushuka mpaka baharini, na mara nyingi kila kimoja kilifuata bonde la mto wake. Jamii moja ikawa na miti ya juu, mashamba ya magimbi ya katikati na samaki wa kwenye miamba, bila kuvuka kwa jirani. Hata namna ya kuelekezana ilifuata ramani hiyo: mauka ni upande wa mlimani, makai ni upande wa baharini, na maneno hayo yanatumika hadi leo.

Kwa maoni yangu huu ni mpaka wenye akili kuliko ule wa kuchora mraba ofisini. Anayekata msitu juu ndiye anayekunywa tope chini.

Watu wa juu na watu wa pwani: ramani inaonyesha uhusiano wao?

Inaonyesha nusu. Chukua Sierra Nevada de Santa Marta ya Kolombia. Vilele vyake vinafikia takriban mita 5,700, na bahari ya Karibi iko kama kilomita 42 tu kutoka hapo. Kwenye ramani ya 1:50,000 ni sentimita 84, urefu wa meza ya kawaida, na ndani yake kuna fukwe za joto, misitu, mashamba ya kahawa, nyika za baridi na theluji. Jamii nne za asili zinaishi humo: Wakogi, Waarhuaco, Wawiwa na Wakankuamo. Familia ya Kikogi inaweza kuwa na shamba la ndizi chini na la viazi juu, ikihama kati ya miinuko kwa kadiri ya mazao. Ramani inayoweka alama moja ya nyumba mahali pamoja inaidanganya familia hiyo.

Kisha kuna lile lisiloonekana kabisa. Wanaume wa Kikogi hutafuna majani ya koka pamoja na chokaa inayotokana na makombe ya baharini yaliyochomwa, chokaa wanayoibeba kwenye kibuyu kidogo. Makombe hayapatikani mlimani. Mlima wao unahitaji pwani, na sehemu nyingi takatifu zinazouzunguka, ambazo jumla yake huitwa Línea Negra, yaani Mstari Mweusi, ziko chini kwenye midomo ya mito na fukwe. Mwaka 2018 serikali ya Kolombia ilitoa Amri ya 1500 kuhusu mstari huo. Kwenye ramani ya kawaida ya topografia huuoni. Unaona barabara ya pwani na miji tu.

Majina ya milima kwenye ramani ni ya nani?

Ya aliyekuwa na kalamu. Mlima mrefu kuliko yote New Zealand, wenye mita 3,724 na ulio karibu na pwani ya magharibi, ulipewa jina la nahodha James Cook mwaka 1851, ingawa Cook mwenyewe hakuwahi kuuona. Mwaka 1998 jina la Wamaori likawekwa mbele rasmi: Aoraki / Mount Cook. Ukikuta majina mawili kwenye ramani, chukua yote mawili. Ukipotea, utakayemuuliza njia atalijua moja tu.

Naweza kujua mvua kutoka kwenye ramani?

Unaweza kuikisia. Upepo wenye unyevu ukitoka baharini ukakuta mlima, unapanda, unapoa, na unamwaga maji upande huohuo. Mlima Kamerun, wenye zaidi ya mita 4,000, unasimama karibu kabisa na Ghuba ya Guinea. Debundscha, chini yake upande wa baharini, hupata takriban milimita 10,000 za mvua kwa mwaka na huhesabiwa kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani. Buea, upande mwingine wa mlima uleule, hupata sehemu tu ya kiasi hicho.

Kwa kawaida hesabu vijito. Upande wenye vijito vingi na makorongo ya karibukaribu ndio unaopigwa na mvua. Ila angalia aina ya mwamba kabla ya kuamua, kwa kuwa miamba ya volkano na ya chokaa hunywa maji, na mlima unaweza kulowa mwaka mzima ramani ikaonyesha mito michache.

Kijiji kiko salama au hakiko salama: mistari inasema?

Inasema mengi kuliko watu wanavyotaka kusikia. Kwa mafuriko, usitazame kijiji. Tazama bonde lililo juu yake. Fuata migongo ya milima inayolizunguka mpaka uwe umefunga duara. Maji yote yanayonyesha ndani ya duara hilo yana mlango mmoja, nao ndio ule uwanja mzuri wenye nyumba. Duara kubwa, mistari iliyobanana na mlango mwembamba ni mchanganyiko mbaya, na mvua ya saa chache inatosha.

Kwa tsunami, namba ya mwinuko ni uhai. Pwani ya Sanriku, Japani, ina ghuba nyembamba zilizochongoka kuelekea nchi kavu, na wimbi likiingia humo linabanwa na kupanda. Kitongoji cha Aneyoshi, mjini Miyako, kiliangamizwa mwaka 1896 na tena 1933. Baada ya hapo walionusurika waliweka jiwe mlimani, kama mita 60 juu ya bahari, lenye maandishi yanayokataza kujenga chini yake. Machi 2011 maji yalipanda bonde hilo hadi karibu mita 40. Nyumba zilizokuwa juu ya jiwe hazikuguswa. Jiwe lile ni kontua iliyochorwa ardhini na watu walioulipia mstari huo kwa jamaa zao.

Nitumie skeli gani?

Kwa kutembea, 1:25,000 kama ipo: sentimita nne kwa kilomita, unaona hata ukuta wa shamba. Kwa kuelewa eneo zima na jamii zake, 1:50,000. Ramani ya 1:250,000 itundike ukutani.

Simu haitoshi?

Inatosha mpaka isitoshe. Programu nyingi za ramani hutumia data za miinuko zinazotokana na chombo cha anga Endeavour, ambacho mwezi Februari 2000 kilipima sehemu kubwa ya nchi kavu kwa rada kwa siku 11. Ni kazi kubwa, lakini kila kipimo kinawakilisha mraba wa mita 30 hivi, na kwenye msitu mnene rada husoma karibu na vilele vya miti badala ya udongo. Kwenye nchi tambarare huoni kasoro. Kwenye mwambao wa magenge, genge la mita 80 linalosimama wima juu ya maji linaweza kulainishwa likaonekana mteremko unaoshukika. Nani atakayeshuka kwa kuiamini picha hiyo? Wapo.

Simu ikuonyeshe ulipo, karatasi ikuonyeshe palivyo.

Kaskazini ziko ngapi?

Tatu: ya dunia (iliko ncha ya kaskazini), ya gridi (inakoelekea mistari ya miraba iliyochapwa kwenye ramani) na ya sumaku (inakoelekeza dira). Ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka, ndiyo maana pembeni pa ramani kuna tofauti na mwaka wake. Karibu na miamba ya volkano dira inaweza kuyumba. Hapo tumia vilele na pwani kujielekeza.

Nawezaje kuuona mlima kwa ubavu?

Laza ukanda wa karatasi kati ya sehemu mbili, mathalani kutoka ufukweni hadi kileleni. Kila ukanda unapokatwa na mstari, weka alama na uandike mwinuko wake. Hamishia alama hizo kwenye karatasi yenye mistari, pandisha kila moja kwa kadiri ya namba yake, kisha unganisha nukta. Kwa skeli ya 1:50,000 sentimita moja ya kwenda mbele ni mita 500. Ukifanya sentimita moja ya kupanda iwe mita 100, umeukuza mlima mara tano, na kilima chochote kitaonekana cha kutisha. Andika hilo pembeni kabla hujamwonyesha mtu.

Ramani ya zamani ina faida yoyote?

Kwa umbo la milima, ndiyo, tena wachoraji wa zamani mara nyingi walikuwa makini zaidi kwenye magenge. Kwa pwani, barabara na makazi, ihakiki. Mchanga unahama, midomo ya mito inahama, na penye volkano hata nchi yenyewe inaongezeka: lava ya Mlima Kamerun ilifika baharini mwaka 1922, na mwaka 1999 ilikata barabara ya pwani karibu na Bakingili. Ukiwa na matoleo mawili ya ramani ya eneo moja, yaweke pamoja na uanze na nyumba: zipi zimeongezeka, zipi zimetoweka, na zilizohama zimehamia mstari wa mita ngapi.